Ruaha Mkuu hautarudi kwa kupanda miti na kufukuza ng'ombe tu: tuanze na mabanio ya Usangu na maji ya kunywa

#1 Mwana_Igurusi

Wakuu, heshima kwenu.

Kila ikifika Septemba, picha za viboko waliorundikana kwenye tope la mto Ruaha Mkuu uliokauka zinarudi mitandaoni. Zikirudi, majibu ni yale yale: tupande miti, wafugaji waondoke, Mungu atujalie mvua. Mvua ikinyesha mto unajaa, tunanyamaza mpaka Septemba nyingine. Mimi ni mzaliwa wa Usangu, nimekulia kwenye majaruba ya mpunga na bado nalima. Naamini mto huu unaweza kurudi kutiririka mwaka mzima. Inaniuma kuona nguvu nyingi zinapelekwa pasipo na tatizo.

Kwa wasioijua jiografia yake: Ruaha Mkuu unaanzia safu za Uporoto na Kipengere, upande wa Mbeya na Njombe. Mito inayoulisha inashuka kwa kasi kutoka milimani: Mbarali, Kimani, Chimala, na Ndembera inayotokea Mufindi. Yote inaingia uwanda wa Usangu na maji yake yanakusanyika kwenye ardhioevu ya Ihefu. Wengi mnalijua jina hilo kwa ile timu iliyokata mwendo wa Yanga wa mechi 49 bila kufungwa mwaka 2022. Jina limetoka kwenye maji hayo. Yakitoka Ihefu yanapita Ng'iriama, yanaingia Hifadhi ya Taifa Ruaha, yanakwenda kwenye mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, hatimaye mto Rufiji.

Kituo cha kupimia maji cha Msembe, ndani ya hifadhi, kina kumbukumbu tangu miaka ya 1960. Mto ulikuwa wa mwaka mzima. Kiangazi cha 1993 ukakatika, na tangu hapo kukatika kukawa desturi, miaka mingine wiki chache, miaka mingine miezi mitatu na zaidi.

Sasa tuelewane namna unavyokatika, maana hapa ndipo mjadala unapopotea. Ihefu ni kama beseni, na mdomo wa beseni ni mwamba wa Ng'iriama. Maji yakiwa juu ya mwamba, mto unakwenda hifadhini. Yakishuka chini ya mwamba hata kwa upana wa kiganja, hakuna kinachopita, hata kama nyuma yake kuna maji yanayong'aa mpaka macho yachoke. Mtu anaweza kuwa Ihefu ndani ya mtumbwi huku mwenzake wa Msembe anatembea juu ya mchanga mkavu, siku hiyo hiyo. Na beseni lenyewe linapoteza maji kila saa kwa jua na kwa matete. Watafiti waliofanya kazi huku miaka ya 2000 walikokotoa kwamba ili zitoke lita 500 tu kwa sekunde pale Ng'iriama wakati wa kiangazi, lazima ziingie Ihefu takriban lita 7,000 kwa sekunde. Hiyo ni karibu mara mbili ya zilizokuwa zinaingia wakati huo. Walionesha pia kuwa maji ya kiangazi yanayoifikia Ihefu yalipungua kwa takriban asilimia 70 kati ya 1958 na 2004, na sababu kubwa ni kuchotwa kwa ajili ya umwagiliaji.

Mashamba yaliongezeka, hilo halina ubishi. Miaka ya 1960 umwagiliaji Usangu ulikuwa maelfu machache ya hekta. Likaja shamba la Mbarali miaka ya 1970 kwa msaada wa China, baadaye Kapunga, baadaye Madibira, na katikati yake wakulima wadogo kwa maelfu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tulishafika kati ya hekta 20,000 na 40,000 kutegemea mvua ya mwaka. Lakini wakuu, mpunga wetu ni wa masika! Wakati huo mito imefurika, maji yanatosha shamba, yanajaza Ihefu na yanabaki ya Mtera. Mto haufi masika. Unakufa kati ya Julai na Novemba, wakati mpunga uko ghalani.

Kinachouua ni banio lililo wazi, yaani kile kizuizi cha mtoni kinachogeuzia maji mferejini.

Mabanio ya wazee wetu yalikuwa magogo, mawe, majani na udongo. Mafuriko yakija yanayabeba, wanakijiji wanajenga upya. Kiangazi yanavuja kila upande, na yale yanayovuja ndiyo yaliyokuwa yanamfikia wa chini na kuifikia Ihefu. Ikaja miradi ya kuboresha: banio la zege lenye geti la chuma. Tulishangilia, na kwa haki, maana watu waliacha kupoteza siku nyingi majini wakibeba mawe. Lakini zege halivuji. Wakati wa kiangazi, mto ukiwa umepungua, banio moja la zege linaweza kumeza mto wote, na lita zilizoandikwa kwenye kibali cha kutumia maji hazisaidii kitu kwa sababu kibali kinataja kiasi kilekile hata mto ukiwa umebaki nusu.

Siku ukipata nafasi, fuata mfereji mmoja kutoka banioni mwezi wa tisa. Kilomita ya kwanza maji yanakwenda vizuri. Baadaye kingo zimebomoka, yanamwagika kwenye majaruba yaliyokwisha kuvunwa, kuna bata na magugu yaliyonawiri, ng'ombe wamejaa. Mbele kidogo kuna tanuru za tofali na mashimo ya maji ya kufyatulia. Mwishoni kabisa, mfereji ukiwa umebaki uzi wa maji ya rangi ya chai, utakuta kina mama na ndoo wanasubiri kukinga kwa kata. Ukiuliza kwa nini geti halifungwi, utaambiwa: tukifunga, wale pale watakunywa nini?

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Mamia ya lita kwa sekunde yanatolewa mtoni, yanatembezwa kilomita nyingi kwenye udongo, ili ndoo kadhaa zijae. Kijiji cha watu 5,000, kila mmoja akipata lita 50 kwa siku, kinahitaji lita 250,000, yaani kama lita 3 kwa sekunde. Visima virefu na bomba vinaweza kutoa hizo. Mpeni mwananchi wa mwisho wa mfereji maji safi karibu na nyumba yake, halafu mwambieni tufunge geti tangu Julai mpaka mvua. Atakubali. Bila hivyo, hata askari wakija kufunga mchana, geti litafunguliwa usiku, na anayelifungua hana dhambi.

Ahadi tumezisikia. Machi 2001, Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, alitangaza huko London kwamba serikali inaunga mkono mpango wa kuhakikisha Ruaha Mkuu unatiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Ikaja 2010, ikapita. Mwaka 2017 Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, aliunda kikosi kazi cha kuunusuru. Sidharau jitihada hizo hata kidogo. Ninachosema ni kwamba tuzipime kwa swali moja: Oktoba, ni lita ngapi kwa sekunde zimeingia Ihefu? Miti mingapi imepandwa na mikutano mingapi imefanyika ni mambo ya pembeni.

Nawasilisha.

---

#2 Mbeya_Kwetu

Mkuu, bandiko zuri, lakini umewapitisha wafugaji kirahisi mno. Nimeiona Ihefu kabla ya 2006. Mifugo ilikuwa haihesabiki, kingo zote zimekanyagwa, matete yamechomwa ili yaote majani mabichi. Mnyama anakunywa maji kila siku. Hili nalo utasema ni banio?

---

#3 Mwana_Igurusi

@Mbeya_Kwetu kaka, ulichokiona ulikiona kweli. Kukanyaga kingo na kuchoma matete kunaumiza ardhioevu, kunaondoa mazalia ya samaki na ndege, na mimi siwatetei waliochoma. Ila tutenganishe kuumiza Ihefu na kukausha mto.

Twende kwa hesabu. Ng'ombe mmoja mpe lita 40 kwa siku, na hapo umempa nyingi. Ng'ombe laki moja ni lita milioni 4. Gawanya kwa sekunde 86,400 za siku moja, unapata lita 46 kwa sekunde. Ng'ombe laki tatu hawafiki lita 140. Pengo tunalolizungumzia ni la lita elfu kadhaa kwa sekunde.

Ushahidi mwingine ni historia yenyewe. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa, na mwaka 2008 Pori la Akiba la Usangu likaingizwa ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Kama ng'ombe ndio waliokuwa sababu kuu, mto ungerudi mwaka uliofuata. Uliendelea kukatika.

---

#4 BintiMfugaji

Nashukuru kwa hesabu hiyo, kaka. Sisi tuliondoka na mifugo kwenda Lindi. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka wazee wakiambiwa kwamba wao ndio waliokausha mto, na walibaki na neno hilo kifuani. Ng'ombe wengine walikufa njiani, wengine waliuzwa kwa bei ya kutupa ili kulipia usafiri. Sisemi Ihefu ifunguliwe tena kwa mifugo, hapana. Naomba tu siku mto ukirudi, isiandikwe kwamba ulirudi kwa sababu sisi tuliondoka.

---

#5 Mpunga_Ubaruku

Mleta mada, wewe ni mkulima mwenzangu kwa hiyo nakujibu kama mkulima. Umesema mpunga ni wa masika. Ni kweli, lakini kitalu je? Mwenye banio la juu anaanza kuandaa kitalu Oktoba, anawahi kupandikiza, anavuna mapema na kuuza wakati gunia lina bei. Mimi ninayengoja mvua nauza wakati kila mtu anauza. Ukifunga mageti mpaka mvua, unamwambia yule wa mapema aache fedha yake. Hawezi kukubali kwa kuhubiriwa. Na wengine wana mahindi mabichi, vitunguu na nyanya wakati wa kiangazi, ndiyo ada ya shule hiyo.

Pili, hizo habari za visima. Huku kwetu kuna pampu zilizofungwa na mradi fulani, zikafanya kazi, zikaharibika, kipuri kikakosekana. Watu wakarudi mferejini. Usiniambie nifunge geti kwa ahadi ya kisima ambacho kesho kitakufa.

---

#6 Mwana_Igurusi

@Mpunga_Ubaruku hoja zako zote mbili ni nzito, na ndizo zinazotakiwa zijadiliwe badala ya picha za viboko.

La kitalu: kitalu kinahitaji eneo dogo sana likilinganishwa na shamba. Wakulima wa skimu moja ya umwagiliaji wakikubaliana kuweka vitalu mahali pamoja, karibu na banio, kiasi kidogo cha maji kinatosha na kilomita zote zilizobaki za mfereji zinabaki kavu. Tatizo letu kila mtu ana kitalu chake kwenye jaruba lake, kwa hiyo mfereji mzima unajazwa kwa ajili ya vitalu vilivyotawanyika. Hapo wa mapema hapotezi bei yake.

Masika nako kuna nafasi kwa kilimo shadidi: miche michanga, mche mmoja mmoja kwa nafasi, unamwagilia na kuacha udongo ukauke kidogo kabla ya kumwagilia tena. Maji yanapungua na mavuno hayapungui. Lakini niwe mkweli kuhusu jambo linalowaponyoka wataalamu wengi. Ukiokoa maji shambani halafu jirani akayatumia kufungua jaruba jipya, mto haujapata hata tone. Maji yaliyookolewa lazima yawe na njia ya kurudi mtoni, na hiyo njia ni banio kuchukua kidogo tangu mwanzo.

La pampu: kweli tupu. Kisima kisicho na fundi, vipuri na mfuko wa kukitunza ni mapambo. Ndiyo maana nasema fedha za kuokoa mto ziende huko, na miaka yote, siyo siku ya uzinduzi tu.

---

#7 BwanaShamba_Mstaafu

Vijana wangu, nimefuatilia mjadala nikafurahi. Nichangie jambo moja nililoliona kwa macho.

Miaka ya mwanzo ya 2000 kulikuwa na utafiti mkubwa wa matumizi ya maji hapa Usangu. Wale watafiti walikuja na mchezo. Ni ubao mrefu umechongwa mfano wa mto, umeinamishwa. Juu wanamwaga gololi, hizo ndizo maji. Pembeni kuna mashimo, ndiyo mashamba. Kila mshiriki anapewa vijiti, ndiyo mabanio, anaviweka mtoni ili gololi zigeukie kwake. Mkulima wa juu anaweka kijiti kirefu, mashimo yake yanafurika gololi, wa katikati anapata chache, wa chini anabaki anaangalia ubao mtupu.

Halafu wanabadilishana nafasi. Wa juu anapelekwa chini. Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Mtu ambaye kwa miaka yote alikuwa anasema maji ni ya Mungu, kila mtu achote, unamwona anasimama na kudai gololi zake! Kicheko kinakuwa kingi, lakini baada ya kicheko wanakaa kuzungumza, na mazungumzo yanakuwa ya kweli: tuwe na zamu ya siku ngapi, nani ataenda kukagua, atakayeiba usiku atozwe nini.

Upande wa mto Mkoji, hapa hapa Usangu, zamu za maji zipo tangu zamani, hazikuanza na mchezo. Ila mchezo uliwaweka wa juu na wa chini meza moja. Maafisa tunapenda kuita mkutano kwa kijiji, na kijiji hakina mto mzima. Jumuiya ya watumiaji maji inayofuata mto kutoka milimani mpaka Ihefu ndiyo inayoweza kugawana. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inazitambua jumuiya hizo. Zipewe nguvu.

---

#8 Mwana_Igurusi

Shikamoo mzee wangu. Hili la gololi naomba wenye nafasi walirudishe kwenye skimu zetu. Nami naongeza la kugawana kwa uwiano badala ya kwa lita: mto ukipungua nusu, kila banio lipunguze nusu. Geti lichongwe au lipimwe hivyo. Hata asiyesoma anaweza kukagua kwa macho.

---

#9 Tungamalenga_Boy

Mimi niko upande wa pili wa beseni, mlangoni mwa hifadhi, natembeza wageni. Niwaambie kinachoonekana huku, maana wa Usangu hawakioni.

Mto ukikatika haukauki wote kwa mara moja. Yanabaki mabwawa kwenye kona zenye kina. Viboko wanahamia humo, na kila wiki bwawa linazidi kuwa dogo na wao wanazidi kubanana. Maji yanageuka kijani kizito kwa kinyesi, samaki wanaanza kuelea. Kambale ndiye anayevumilia mpaka mwisho. Tembo wanachimba mchangani kwa mguu na mkonga, wanasubiri shimo lijae taratibu, wanakunywa. Wakiondoka wanakuja wengine kunywa kwenye shimo hilo, mpaka nyani na ndege. Nyati hawana uwezo huo, wanatembea mbali au wanakufa. Wanyama wanaohitaji maji kila siku wanajazana sehemu chache, majani ya karibu yanakwisha, simba wanashiba.

Mgeni anaona simba wengi na kufurahi, kwa hiyo msidhani utalii unalalamika kila siku. Lakini sisi tuliozaliwa hapa tunajua mto huu ulikuwa na maji ya kusikika usiku mwezi wa kumi. Na vijiji vya kando ya mto navyo vinaumia, siyo hifadhi peke yake.

---

#10 Mufindi_Asubuhi

Mnasema sana Usangu, na sisi wa milimani? Ndembera inaanzia kwetu. Huku vita ni vya vinyungu. Kiangazi watu wanalima mabondeni, mahindi mabichi na mboga, kwa sababu huko ndiko kwenye unyevu. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na kuna wakati viongozi walikuja kung'oa mazao. Bibi mwenye kinyungu cha hatua ishirini kwa ishirini anang'olewa mahindi, wakati huo huo mlimani juu yake kuna msitu wa milingoti (mikaratusi) umepandwa mpaka kwenye chemchemi.

Kuhusu miti nakubaliana na mleta mada nusu. Miti ya asili kwenye vyanzo ni muhimu, inashika udongo, inafanya mvua izame badala ya kuserereka. Mivengi na mizambarau ya bondeni haina shida. Mlingoti karibu na chemchemi ni jambo lingine, unakunywa maji mengi, na unakunywa hata kiangazi ambapo maji ni haba. Kampeni ikija na miche, tuulize kwanza ni miche ya nini na inapandwa wapi.

---

#11 Mwana_Igurusi

@Mufindi_Asubuhi umenena. Kuondoa milingoti kwenye chemchemi ningeiweka ya pili baada ya mabanio. Kuhusu vinyungu, kinyungu cha jembe la mkono kinachotumia unyevu uliopo hakilingani na pampu inayovuta maji saa ishirini na nne. Sheria inayowatendea sawa hao wawili itachukiwa na wote, na mto hautaambulia kitu.

---

#12 Nanyuki_Mwangalizi

Salamu kutoka Kenya, ndugu zangu. Mnayoyasema ni kana kwamba mnauzungumzia Ewaso Ng'iro ya Kaskazini. Mto wetu unatoka Mlima Kenya na Aberdare, unapita Laikipia kwenda Samburu na Isiolo, na mwisho wake ni kinamasi cha Lorian. Wakulima wa mashamba ya maua na mboga wako juu, wafugaji wako chini. Tangu 1984 umewahi kukauka pale Archer's Post mara kadhaa, na kila ukikauka huku chini watu hukabiliana hata kwa silaha.

Kilichosaidia, ingawa kazi bado, ni vyama vya watumiaji maji kwa kila mto mdogo, vilivyotambuliwa na Sheria ya Maji ya 2002. Mto kama Naro Moru au Burguret una chama chake. Kiangazi kikikaza, kamati hutangaza zamu na wanachama wenyewe hupanda mtoni kukagua mabomba. Pili, kanuni zetu humtaka anayemwagilia achote maji ya mafuriko na kuyahifadhi, hifadhi ya siku 90, ili wakati wa kiangazi atumie ya bwawa lake na kuuachia mto maji yake. Mashamba makubwa yamechimba mabwawa yao. Mkulima mdogo hana uwezo huo, na hapo ndipo mpango huo huyumba. Mkiuiga, wekeni fungu la mdogo tangu mwanzo.

---

#13 Fundi_Mitambo

Swali kwa mleta mada. Kwa nini tusijenge tu? Bwawa la Lugoda kwenye Ndembera limezungumzwa miaka mingi: lihifadhi maji ya masika, liachie kiangazi. Au tuweke ukuta na geti pale Ng'iriama. Pia vipi kuhusu umeme? Miaka ya 1990 tuliambiwa mgao unatokana na Usangu.

---

#14 Mwana_Igurusi

@Fundi_Mitambo la umeme kwanza. Mtera inajazwa na masika. Hata lita 500 kwa sekunde zikirudi wakati wa kiangazi, kwa mtambo wa Mtera wa megawati 80 na Kidatu wa megawati 204 ni kidogo mno, na sehemu kubwa itaishia mchangani na kwenye jua kabla ya kufika. Watafiti waliopitia kumbukumbu za miaka hiyo waliona kuwa namna bwawa lilivyoendeshwa ilichangia sana kushuka kwa Mtera. Nasema hivi ili tusiwabebeshe wakulima mzigo usio wao. Maji ya kiangazi tunayadai kwa ajili ya mto wenyewe, samaki, wanyama na watu wa kando yake. Hiyo ni sababu tosha.

Bwawa la Lugoda silipingi kwa moyo mgumu, linaweza kusaidia. Shaka yangu ni moja: maji yatakayoachiwa Agosti yatapita kwanza mbele ya mabanio kabla ya kuiona Ihefu. Bila makubaliano ya mageti, tutakuwa tumewajengea umwagiliaji mwingine wa kiangazi. Na ukuta wa Ng'iriama utainua maji ndani ya beseni, utatanua eneo linaloungua na jua. Geti la kudhibiti maji hapo linafaa kufanyiwa hesabu, ukuta tu sikubaliani nao.

Wenzetu Marekani walipita njia ya zege kabla yetu. Mto Kissimmee kule Florida ulikuwa na urefu wa kilomita 166 ukijipinda. Kati ya 1962 na 1971 waliunyoosha ukawa mfereji wa kilomita 90, ili kuzuia mafuriko. Ardhioevu ikakauka, ndege wa majini wakatoweka. Mwaka 1999 wakaanza kuufukia mfereji walioujenga wenyewe, kazi ikaisha 2021, karibu kilomita 70 za mto wa kujipinda zikarudi na ndege wakarudi. Hawakuishia kufukia, walibadilisha pia namna ya kuachia maji kutoka maziwa ya juu ili yafuate majira. Gharama ilikuwa kubwa sana. Sisi hatuna mfereji wa kufukia, Ihefu bado ipo, mwamba wa Ng'iriama upo pale pale. Tunahitaji kurudisha majira ya maji tu.

---

#15 Mpunga_Ubaruku

Nimerudi. Nimelizungumza hili na wenzangu kwenye kikao cha skimu. La vitalu vya pamoja limepata watu, hasa wa mwisho wa mfereji, maana wao vitalu vyao huwa vinakufa kwa kukosa maji. Wa juu wamenuna. Mwenyekiti anauliza: tukifunga geti Julai, nani anatuhakikishia kwamba banio la juu yetu nalo limefungwa? Sisi hatutaki kufunga ili jirani anenepe.

---

#16 Mwana_Igurusi

@Mpunga_Ubaruku mwambie mwenyekiti swali lake ndilo swali la mto mzima. Uhakika ni macho. Kila skimu itoe watu wawili, waende pamoja siku moja kukagua mabanio ya mto huo kuanzia la juu kabisa, na picha za kila geti ziwekwe kwenye kundi moja la simu ambalo viongozi wa skimu zote wamo. Ofisi ya Bonde la Rufiji ipewe nakala. Haihitaji mradi wala posho kubwa.

Walio kwenye skimu nyingine za Mbarali, Kimani na Chimala, naomba muweke hapa: geti lenu linafungwa mwezi gani, na mwisho wa mfereji wenu watu wanakunywa maji ya wapi? Nitayapanga kwa mto, kutoka juu kwenda chini.

---

#17 Kimani_Chini

Banio letu la zege halifungwi kabisa. Geti lina kutu, usukani wake uliibwa, tunaziba kwa magunia ya mchanga. Mwisho wa mfereji kuna kitongoji cha kaya kama mia, hawana kisima, na shule ya msingi inakinga hapo hapo. Fundi wa kuchonga usukani mpya yupo Chimala, nimeshamuuliza bei. Kisima ndicho kitakachotusumbua.